Ubao Unaoghani: Kutoka Sita Hadi Moja

Leo barazani tunahesabu kinyumenyume njia sita za kuujua mti uliochongwa wa Lamu, tukianza na ile ndogo. Anayedhani nakshi ni ya macho peke yake, karibu, kaa hapa. Kahawa ipo.

6. Ulimi

Mbuzi ya nazi. Naam, chombo cha jikoni kimo, na atakayepinga asile wali wa nazi wiki nzima! Ubao wa kukalia, chuma cha meno mbele, na fundi mwenye mapenzi huutia ubao huo nakshi pembeni. Sanaa inayoishia kwenye tui haihitaji mtetezi.

5. Pua

Pita karakana randa inapoteleza juu ya msaji: harufu nzito ya mafuta, hata nguo zako zitarudi nyumbani nayo. Kisha pita mbele ya nyumba jioni, udi unapotoka ndani na kukutana na mbao mlangoni. Usiharakishe. Simama uvute pumzi mbili, wenyewe hawatakukataza.

4. Macho

Usije saa sita mchana, tafadhali. Jua la utosini huibana nakshi yote ikawa bapa. Njoo asubuhi au alasiri, mwanga unapoingia kwa pembeni kwenye vichochoro, ndipo kila mfereji wa patasi unapojaa kiza na ua likanyanyuka. Fundi huchimba kivuli kwanza, ua hufuata. Milango ya mji wa Siyu, yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, haina subira hiyo: inakuita hata kukiwa na mawingu.

3. Vidole

Piga hodi, salimia, omba ruhusa, ndipo uguse. Sasa fumba macho, weka kidole chini ya fremu upande mmoja, ufuate mnyororo uliochongwa: juu, kuvuka, kushuka. Maua ya katikati yanaweza kubadilika; mnyororo haukatiki.

Hapo ndipo ninapowaambia rafiki zangu washairi: umeshika utendi! Hesabuni nami. Ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani minane. Vitatu vya kwanza vinapatana kina kimoja ndani ya ubeti, na kila ubeti unaweza kuja na kina chake kipya. Cha nne ni mwiko kukigusa: kinabeba bahari, kina kimoja kinachotembea kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata beti zikiwa mamia. Mchongaji naye ana uhuru katikati na ahadi pembezoni. Tofauti ni kwamba malenga akikosea mizani hufuta na kuandika upya. Mchongaji afute kwa nini? Patasi haina kifutio!

2. Masikio

Mlango una sauti zake, mnyororo wa chuma ukigonga tumbuu usiku ukifungwa. Lakini ushindi hapa ni wa gambusi. Mti unachimbwa tumbo, unawambwa ngozi, unatiwa nyuzi, na ghafla ubao unaimba. Na wewe uliyesema mbao ni bubu, uko wapi?

1. Mkono

Namba moja ni ya mtu: Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa karibu na mwaka 1855 na kufariki 1945. Alichonga milango. Alitengeneza gambusi na kuzipiga. Alitunga tenzi. Alikuwa mwandishi wa khati nzuri aliyenakili mashairi ya kale kwa kalamu, na wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimtegemea. Miswada yake ipo hadi leo London na Ujerumani. Mkono mmoja huohuo, jamani! Anayesema sanaa hizi ni ndugu wa mbali hajakutana na Kijuma.

Mwaka 1913 alitunga Utendi wa Fumo Liyongo, na kuna mahali ambapo mimi humsikia fundi waziwazi. Shujaa Liyongo yumo kifungoni Pate. Anatunga wimbo ili kijakazi Saada amfikishie mama ujumbe: oka mkate wa pumba, ndani yake ufiche tupa. Mama anaoka. Walinzi wanaona pumba, wanauachia mkate upite. Halafu gungu linapigwa nje, ngoma zinarindima, watu wanacheza, na humo ndani tupa inakereza minyororo bila mtu kusikia. Mkate wa kuonja, chuma cha kushika, ngoma ya kufunika sauti, na wimbo ulioyapanga yote. Ni nani angeyaandika hayo vizuri kuliko mtu aliyeishi na vyuma vya kazi mkononi?

Kwa hiyo anayetaka kumshusha Kijuma kutoka namba moja aje barazani na hoja zake. Nitamghania utendi mzima, mwanzo hadi mwisho, na kahawa atamimina yeye.