Diski Inapobisha Hodi

Kompyuta ikifa kimya kimya, mwenyewe huhangaika peke yake. Ikifa kwa kelele, mtaa mzima unageuka fundi.

Ya kwetu ni ya mezani, ya mtumba, na hapa nyumbani Tabata ina kazi mbili: kutunza picha za harusi ya mdogo wangu na hesabu za kikoba cha shangazi, ambaye ndiye mweka hazina na hana mzaha na fedha za watu. Jioni moja, katikati ya hesabu, ikaanza: tak, tak, tak. Kimya. Mngurumo mdogo. Tak, tak, tak.

"Hebu mmoja aende getini," alisema shangazi bila kuinua macho. "Kuna mtu anabisha."

Getini hapakuwa na mtu. Ila kwa kuwa mlango ulishafunguliwa, watu wakaingia. Jirani yetu fundi magari alisikiliza kidogo akatoa hukumu: "Beringi hiyo imekwisha, ipigeni oili." Akaondoka kwenda kuchukua kopo. Mpwa wangu akasema amesoma kwenye simu kwamba diski inayogonga hufungwa kwenye mfuko wa nailoni na kulazwa kwenye friza usiku kucha. Shemeji, mume wa mdogo wangu, yeye alikunja mikono ya shati. Enzi za televisheni za chogo, alisema, kofi moja tu la ubavuni lilitosha. Alikuwa na hamu ya ajabu ya kusaidia siku ile.

Nikiri kwamba hakuna kati yao aliyekuwa mjinga. Beringi kweli zimo, kwenye mota inayozungusha sahani. Friza nayo ina historia: kuna diski za zamani zilizokwama ambazo baridi iliwahi kuzilegeza kwa muda mfupi, wenye bahati wakaokoa mafaili mawili matatu. Ambao diski zao zilitoka na unyevu ndani zikafa hapo hapo hawakusimulia sana. Na sisi friza yetu ilikuwa imejaa vibua.

Hatari yenyewe ilikuwa kofi la shemeji. Ndani ya kile kiboksi cha chuma mna sahani za alumini au kioo zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa kinachozisoma hakizigusi. Kinaelea juu ya hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, kwa kimo cha nanomita chache. Unene wa unywele mmoja wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Sasa ingiza kofi la mtu aliyepakua mizigo bandarini ujana wake wote katika nafasi hiyo. Kichwa kikigusa sahani kinakwangua, na kilichokwanguliwa ni bibi harusi.

Ule mlio wenyewe, tak tak tak, ni kichwa hicho hicho kikitafuta alama za kukionyesha kiko wapi. Kikizikosa kinarudi mwanzo na kujaribu tena, kama abiria aliyeshuka usiku mtaa asioujua, akakosa nyumba, akarudi kituoni kuanza upya. Kila akirudi unasikia tak. Na kila safari inazidi kumchosha.

Shangazi naye, alipoona hesabu hazifunguki, aliamua kuikaripia. "Wewe! Fungua!" Nilimwomba apunguze sauti, na sikuwa natania. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, wakati huo akiwa Sun Microsystems, alisimama mbele ya safu ya diski akazipigia kelele kwa nguvu zake zote, huku mwenzake akirekodi video. Grafu kwenye skrini ilionyesha diski zikichelewa kujibu kila alipofoka. Mtikisiko wa sauti unatosha kukiyumbisha kichwa. Mwaka 2022 Raymond Chen wa Microsoft naye alisimulia kisa cha zamani cha laptopu ambazo zilikuwa zikizima kila zilipopiga wimbo "Rhythm Nation" wa Janet Jackson, na hata laptopu iliyokaa jirani, ambayo haikupiga wimbo wowote, ikazima nayo. Muziki ule ulikuwa na mlio uliolingana na mtetemo wa asili wa diski zao.

"Kwa hiyo inasikia?" aliuliza shangazi, sasa kwa kunong'ona. Ndipo nilipochomoa waya wa umeme, kabla jirani hajarudi na kopo.

Kesho yake tukaipeleka Kariakoo, ghorofani, kwa fundi mwenye chumba cha ukubwa wa kabati. Shangazi alikuja mwenyewe, mkoba kwapani, kulinda fedha za watu. Fundi hakuuliza mengi. "Mama, naomba ukimya," alisema, akainamisha sikio. Kwanza alishika feni kwa ncha ya kidole na kuisimamisha, maana mara nyingi kinacholia ni waya uliogusa feni, na watu wanazika diski nzima. Mlio haukukoma. Akabadilisha waya, akaiunganisha na umeme wa mashine yake, kwa sababu diski yenye umeme hafifu nayo hugonga, hasa zile za nje zinazochomekwa kwenye tundu lililochoka. Mlio ukapungua, haukuisha.

Akafungua programu ndogo na kutuonyesha safu ya tarakimu nyekundu. Tangu miaka ya 1990 diski hujiandikia taarifa ya afya yake, utaratibu unaoitwa SMART. Yetu ilikuwa imelalamika kwa maandishi muda mrefu kabla ya kupaza sauti, ila kwetu hakuna aliyewahi kusoma.

"Hapa hatutengenezi kitu," alisema. "Tunahamisha. Hakuna kuskani, hakuna kurekebisha makosa, maana hizo programu zinaikimbiza diski nzima na hii haina pumzi." Shangazi akauliza kwa nini asiifungue tu achungulie. Fundi akaelekeza kidole dirishani, kwenye vumbi la Kariakoo. Diski hufunguliwa kwenye chumba chenye hewa iliyochujwa. Punje moja ya vumbi hapo ndani ni kubwa kuliko nafasi ya kichwa kupita.

Akachomeka diski nzima kando na kuanza kunakili kipande kwa kipande. Penye kugoma aliruka, akaenda mbele, akapanga kurudi mwishoni. Mimi nilitamani aanze na picha, shangazi alitamani aanze na fedha. Tulikaa kimya kama tulivyoagizwa, tukasikiliza.

Jioni picha zote zilikuwa salama, hata zile ambazo shemeji amefumba macho. Hesabu za kikoba pia, isipokuwa faili moja lililoangukia sehemu iliyokwanguliwa: la mikopo na faini.

Habari ilifika kwa wanakikoba kabla yetu. Kikao cha Jumapili kilijaa kuliko kawaida, na watu walikuwa na nyuso za huruma. Shemeji alisimama wa kwanza. Alitoa pole kwa mweka hazina, akasema mashine ni mashine, hakuna mtu wa kulaumiwa, na kwa maoni yake kikundi kianze upya kwa roho safi. Wawili watatu wakapiga makofi.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. "Asante, mkwe wangu," akasema. Kisha akafungua mkoba, akatoa kaunta buku iliyovalishwa gazeti, akalamba kidole na kuanza kusoma kuanzia jina la shemeji.