Mheshimiwa, Karibu Kwenye Foleni Yetu

Mheshimiwa sana, Mkubwa wetu uliyekabidhiwa dhamana ya vifaa vya kidijitali mashuleni,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi zisizo na idadi kutoka kwangu, mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu, na kutoka kwa wanafunzi wangu waliosimama wima kukuamkia ingawa hupo. Najua meza yako ina mafaili mazito, na barua hii ikilala chini yake sitanung'unika.

Kwanza, ahsante kwa kishikwambi. Sensa ya 2022 ilipokwisha, vishikwambi vyake vilikabidhiwa walimu, nami nikapata changu. Ahsante pia kwa maelekezo kwamba wanafunzi waandike kwa pamoja kwenye hati ya mtandaoni. Google Docs huruhusu watu hadi 100 kuhariri hati moja kwa wakati mmoja. Darasa langu zima linaenea humo na nafasi inabaki. Kwa kuwa kifaa ni kimoja, na simu kwa wanafunzi ni marufuku, tunaandika kwa foleni. Bando nalinunua mwenyewe, na nashukuru kwa imani uliyonayo juu ya mshahara wangu.

Niwie radhi, Mheshimiwa, hapa nitarefusha kidogo. Hati hizi hutunza historia: nani aliandika nini, nani alifuta, saa ngapi. Mwalimu wa insha hana hazina kubwa kuliko hiyo. Katika kazi za vikundi kwenye karatasi, mwenye mwandiko mzuri hunakili, mwenye sauti kubwa husoma mbele ya darasa, na maksi huwafuata hao wawili. Binti mkimya aliyeipanga hoja nzima haonekani popote. Kwenye hati angeonekana. Ningemwandikia maoni pembeni ya aya yake, naye angenijibu bila kutetemeka mbele ya wenzake.

Ila wote wanatumia akaunti yangu. Nikiifungua historia, kila sentensi ina jina langu: hoja za yule binti, makosa ya mwenzake, hata matusi madogo yaliyofutwa haraka. Nakushukuru kwa kunifanya mwandishi hodari kiasi hicho. Yeye bado haonekani, na jambo hilo linaniuma.

Kwa unyenyekevu wote, basi, naomba uandike waraka wako ujao kwenye kishikwambi chetu. Nafasi yako ipo, nyuma ya kiranja wa darasa. Zamu ni sentensi moja moja. Mstari wa idadi ya vifaa na akaunti za wanafunzi uuache wazi, kidato cha tatu watakujazia. Usihofu lawama: historia ya hati itaonyesha kwamba waraka wote, pamoja na tarakimu zake, niliuandika mimi.

Wako mtiifu daima,
Mwalimu wa Kiswahili