Waraka kwa Daktari Aliyesomewa na Mashine

Kwako Daktari, mtafiti wetu mpendwa,

Ripoti yako imetufikia, na jalada lake linang'aa kuliko kitabu chochote kilichomo rafuni mwetu. Nimeisoma mara mbili. Natumaini sijakuzidi.

Utanikumbuka: mimi ndiye yule mkutubi wa kaunta aliyekukusanyia wasomaji 24 wa kuhojiwa, kisha nikakaa wiki tatu na spika masikioni nikiandika kila walichosema neno kwa neno, vikohozi na vyote. Kwenye ukurasa wa shukrani umenitaja baada ya programu ya akili mnemba. (Wenzetu wa Unguja wakisikia mnemba huwaza kisiwa, angalau kisiwani mtu hupumzika.) Sina kinyongo. Programu ilimaliza uchambuzi kabla chai haijapoa, wewe mwenyewe ulitutangazia siku ya kuwasilisha, na ni haki yake itangulie.

Kilichonikalisha kuandika ni dhamira ya kwanza ya ripoti yako, "Kukua kwa Utamaduni wa Kusoma". Unasema wasomaji 19 walitamka kwamba wanakuja maktaba kusoma, ndipo ukatushauri fedha kidogo tulizonazo tununulie riwaya. Daktari, wewe ni mtoto wa hapahapa. Kwetu mtu akisema "naenda maktaba kusoma" unajua amebeba nini: daftari lake, madesa yake ya fotokopi na chupa ya maji. Ametafuta meza, taa na soketi. Kitabu chetu hakigusi, labda cha kuegemezea simu. Neno moja tumelitwisha mizigo miwili, kusoma kitabu na kusoma shule, na programu iliyolishwa Kiingereza kuliko lugha nyingine yoyote ikauona mzigo mmoja. Siilaumu. Haijawahi kukaa kaunta yetu msimu wa mitihani. Wewe umewahi kukaa meza ile ya dirishani, na hukuwa unasoma riwaya.

Halafu "Kuridhika na Huduma". Ushahidi wake ni kwamba walipoulizwa huduma ikoje, wengi walijibu "tunashukuru". Hapo nilicheka peke yangu. Tangu lini Mswahili akaulizwa na mgeni mwenye kinasa sauti akasema hashukuru? Msomaji namba 7 alinyamaza kwanza, akaguna, akacheka kidogo, ndipo akasema "tunashukuru tu". Hiyo "tu" ndiyo malalamiko yenyewe. Mguno niliuandika kwenye mabano. Katika jedwali lako haumo. Na aliyesema mhudumu mmoja "ni mkali" umemweka kwenye sifa, kama vile anamzungumzia mpiga gitaa. Mhudumu huyo ni mimi, kwa hiyo hilo nakuomba usilisahihishe.

La namba 11 lakini siwezi kulinyamazia. Ukurasa wa 31 anasema maktaba ni "daraja la ndoto" zake. Nimerudia rekodi yake yote, dakika 26. Mzee yule alisema kwake watoto wana kelele na umeme hauaminiki. Daraja hakulitaja, na ndoto hakuota. Programu hizi hutunga sentensi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata, na ikikosa nukuu tamu huweza kukushonea moja inayokaa vizuri mwilini. Mtu wa kuipima alikuwa wewe.

Umewataja Braun na Clarke kwa heshima, ile makala yao ya 2006 ya hatua sita za kuchambua dhamira. Hatua ya kwanza ni kuyazoea maelezo: kuyasoma, kuyarudia, kuyasoma tena. Wewe ulianzia ya pili, na hata hiyo ulituma programu. Mwaka 2025 wawili hao walikuwa miongoni mwa waandishi wa tamko la kuikataa kabisa akili mnemba katika uchambuzi wa aina hii. Mimi sifiki huko. Mwenyewe naitumia, ile isiyotoka nje ya kompyuta yetu, kunipangia majedwali, na siku moja nilipotaka kujua ni wapi watu wametaja vyoo, ilinionyesha upesi, nami nikaenda kila mahali kusoma kilichosemwa kabla na baada. Vyoo, kwa taarifa yako, vimetajwa na watu 15. Kwenye ripoti vimekuwa "mazingira wezeshi".

Jambo moja nalitaja kwa kifupi kwa kuwa lina sheria yake, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Fomu waliyosaini wale 24 ilisema sauti na maneno yao hayatatoka kwenye kabati letu. Nani aliwaomba ruhusa maneno hayo yapelekwe kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo? Mimi sikuwaomba, na wao wananiuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeonekana kila siku.

Rekodi zote 24 zipo, na spika za masikioni nitakuazima. Njoo Jumatano uanze na namba 7. Ila wahi kabla ya saa tatu asubuhi, maana baada ya hapo viti vyote huwa vimekaliwa na wapenzi wako wa riwaya.

Wako mtiifu,
Mkutubi mkali wa kaunta