Heko kwa Abiria Asiyesogea

Sanamu ya Askari imesimama katikati ya jiji la Dar es Salaam tangu 1927, na watalii huipiga picha kwa sababu tu haitikisiki. Jiji hilohilo lina shujaa mwingine asiyetikisika, tena mwenye kazi ngumu zaidi. Askari anazungukwa na barabara; huyu husukumwa, hubanwa na hukanyagwa, na bado habanduki. Ni abiria aliyepiga kambi mlangoni.

Mtazame kwenye daladala la Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Begi liko mgongoni, mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umeshika simu inayoimba kwa sauti ili wasio na bando nao wafaidi. Konda anapaza sauti: “Sogeeni nyuma jamani, nyuma kweupe!” Yeye anatazama nje kana kwamba anatajwa mtu mwingine. Akiguswa begani ana jibu moja: “Nashuka hapo mbele.” Hapo mbele panaweza kuwa Tazara, panaweza kuwa Banana, panaweza kuwa mwisho wa gari.

Ukubwa wake ulithibitika Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza safari. Serikali ilikopa Benki ya Dunia ikajenga njia maalumu ya takriban kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Kariakoo na Morocco. Tiketi hukatwa kabla ya kupanda. Kituo kimeinuliwa kikalingana na sakafu ya basi, mtu asipande ngazi hata moja, na milango ni mipana. Hesabu yote hiyo ilipigwa ili basi lisipoteze sekunde kituoni. Abiria wetu hakuhitaji mkopo wala mhandisi kuipangua. Alisimama mlangoni tu: wanaoshuka wakakutana na wanaopanda kifuani pake, mlango ukashindwa kufunga, basi likasubiri.

Anayo matawi pia. Tawi la wastaarabu hufanya mazoezi ya kugeuza nalo: mtu anapanda gari linaloelekea mwisho wa njia, anakaa dirishani, kisha anarudi nalo alikotoka akiwa ameketi kama mwenye gari. Nauli kalipa mara mbili, hivyo haki ya kulala kainunua. Usingizi wake ni wa kipekee. Unamjia ghafla pindi mjamzito anapopanda, au mzee mwenye mkongojo. Macho yanafumba lakini mikono haiachii begi. Kituo chake kikikaribia, anazinduka mwenyewe bila kuitwa na mtu.

Kuna na tawi la wanasheria. Hawa wanajua kwamba mwanafunzi hulipa shilingi 200, na kwamba tangu nauli zilipopandishwa Desemba 2023 mtu mzima hulipa 600 kwa safari fupi. Mtoto aliyeamka alfajiri na kurudi na daftari kumi mgongoni anaambiwa, “Denti, simama mkubwa akae.” Mkubwa huyo ana miguu miwili mizima na shilingi 400 za ziada, na zimetosha kumnunulia mamlaka.

Nani mwingine ana msimamo wa namna hii? Sensa ya 2012 ilikuta watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka, wote wanataka kuwahi Kariakoo na Posta asubuhi, na abiria wetu hajasogea hata hatua moja. Wapangaji wa jiji wamebadilisha njia, wamehamisha vituo, wamevunja nyumba. Huyu ndiye kitu pekee walichokikuta na wanachokiacha palepale.

Fadhila yake kubwa zaidi, hata hivyo, huonekana siku aliyokosa kugeuza nalo na kusombwa na umati hadi katikati ya gari. Hapo ndipo anapogeuka mhubiri. “Watu wa siku hizi hawana ubinadamu,” analalamika hadi nyuma kabisa wasikie. “Hebu muoneni huyu mama na mtoto mgongoni, vijana mmekaa tu! Zamani za Mwalimu mtu angeona hay—” Siti ya pembeni ikaachwa wazi. Akawa ameshaikalia kabla mama hajageuka, na kufika Vingunguti alikuwa anakoroma.