Jinsi ya Kudumu Kwenye Soka la Kulipwa Bila Kufika Arsenal

Anza kwa kuifuta Arsenal kichwani. Si rahisi, maana kuanzia 2018 maneno Visit Rwanda yalikaa kwa miaka mkononi mwa jezi yao, na kijana aliyekulia Nyamirambo, Kigali, akiliona jina la nchi yake kwenye televisheni alidhani njia ya London imeshachongwa. Ule mkono ulitafuta watalii, haukutafuta mawinga. Njia yako inapita mpaka wa Rusumo au Gatuna, inakwenda Dar es Salaam, Kampala na Nairobi, na ni njia yenye heshima kuliko ulivyoambiwa.

Ukishakubali hilo, tafuta mwalimu. Mimi nakupendekezea Meddie Kagere. Amezaliwa Uganda, akachezea Police FC na Rayon Sports hapa Rwanda, akaonja Albania akiwa na KF Tirana, akaja kung'ara Gor Mahia ya Nairobi. Simba ya Dar es Salaam ilimsajili 2018 akiwa ameshavuka miaka 30, umri ambao mabenchi yetu ya ufundi humwangalia mtu kama gari lililoisha injini. Msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi, mfungaji bora. Msimu uliofuata 22, mfungaji bora tena. Februari 2019 Al Ahly walikuja Dar wakaondoka wamefungwa bao moja, la Kagere. Baada ya Simba akaenda Singida, kisha Namungo.

Mwangalie hata anavyoshangilia: anaziba jicho moja kwa kiganja. Mashabiki jukwaani wakaiga. Mchezaji wa kuhamahama hana mjomba kwenye kamati ya usajili wala mtaa uliomlea, kwa hiyo wape watu kitu cha kukukumbukia kabla hawajajua kulitamka jina lako.

Jifunze Kiswahili mapema. Ukiwa umekulia Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, umebahatika, kwa sababu utaingia kambini Dar ukimwelewa kocha, mpishi na mwandishi wa habari siku ya kwanza. Wengine hukaa nusu msimu wakitabasamu tu.

Jiandae pia kuvuka kwa watani. Haruna Niyonzima wa Gisenyi alitoka APR ya Kigali kwenda Yanga 2011, akakaa miaka sita Jangwani, halafu 2017 akahamia Msimbazi kwa Simba. Kwa shabiki wa Dar hiyo si habari ya usajili, ni habari ya msiba. Lakini mwaka 2020 alikuwa tena na jezi ya kijani na njano, na 2021 Yanga wakamuaga kwa heshima. Siku ya kuondoka, shukuru kwa sentensi mbili, panda gari. Hujui utarudi lini.

Sasa makaratasi, na hapa sitanii. Kuwa na jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Mwaka 2014 Amavubi, timu yetu ya taifa, iliitoa Congo-Brazzaville uwanjani, kisha CAF ikaiondoa Rwanda kwenye mbio za AFCON 2015, kwa sababu mshambuliaji wetu alikuwa na jina moja kwenye pasi ya Rwanda na jingine kwenye klabu yake Kinshasa. Timu nzima ilibaki nyumbani. Kagere naye alikaa nje ya timu ya taifa kwa miaka kadhaa katika kusafisha faili la wachezaji waliozaliwa nje, akarudishwa 2018.

Mkataba usome mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na uondoke na nakala yenye mhuri. Pesa ya usajili hupigwa picha. Mshahara wa mwezi wa nne haupigwi. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikikaa na mishahara yako ya miezi miwili bila haki, unaiandikia, unaipa siku 15, wasipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba. Iandikie kweli. Kumlalamikia meneja wa timu kwenye simu usiku si barua. Na klabu nyingine ikikununua nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizokulea kati ya miaka 12 na 23. Hakikisha kituo chako cha utotoni kinalijua hilo, maana ndiko mipira ya wadogo zako itakakotoka.

Tunza ngozi na magoti. Nyasi bandia za Kigali Pelé Stadium huchuna paja ukiteleza, na kidonda kile hushikana na shuka usiku.

Halafu kuna jambo la karibu zaidi. Tangu 2012 APR ilicheza na Wanyarwanda watupu. Mwaka 2023 ikafungua mlango kwa wageni. Kigali imekuwa Dar es Salaam ya mtu mwingine. Beki wa Kampala au straika wa Kinshasa ameshuka na begi moja, na amekuja kuchukua namba yako. Mpiganie namba hiyo mazoezini bila huruma. Mazoezi yakiisha, mtafutie chumba cha bei nafuu, mfundishe kusalimia Kinyarwanda, na mwambie ukweli kuhusu tarehe ambayo mishahara hutoka.