Futi Kumi kwa Kumi

Katika nyumba kubwa, mlango uliowekwa vibaya ni kero tu. Katika nyumba ya futi 10 kwa 10, mlango huohuo ndio huamua nani ataingia na nani atasalimia kupitia dirishani. Kwa hiyo nyumba ndogo huhitaji kuchorwa kwa makini zaidi kuliko kubwa, ingawa desturi ni kinyume: mwenye ghorofa huajiri msanifu, mwenye chumba kimoja huambiwa na fundi kwamba ramani iko kichwani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi hudai idhini ya kaunti kabla ya ujenzi, na afisa hasomi kichwa cha fundi.

Ajali ya kwanza hutokea kwenye vipimo. Futi 10 kwa fundi ni za nje. Kwa mwenye nyumba ni za ndani. Kuta mbili zinazotazamana, kila moja ikiwa na unene wa inchi 6, hula futi nzima ya urefu, na zile nyingine mbili hula futi nzima ya upana. Futi 100 za mraba hubaki 81. Kitanda cha futi 4 kwa 6 huchukua 24, kumaanisha kwamba kuta zimejitwalia nafasi ya karibu kitanda kizima kabla mwenye nyumba hajatandika chake. Mambo huzidi kuharibika ramani ikiwa kwa mita na tepu ikisomwa kwa futi.

Ajali ya pili ni samani. Kwenye karatasi, kitanda hakina miguu wala mlango hauna haja ya kufunguka. Mlango wa futi 2 na nusu unaofungukia ndani hudai sakafu tupu ya upana huohuo. Ukikutana na kitanda njiani, hukoma hapo, na mwenye nyumba huingia kiubavuubavu maisha yake yote. Mlango ufungukie nje, ama kitanda kiingizwe kabla ya lenta na kisitoke tena.

Ajali ya tatu ni kiwanja. Chukua mji wa Kikima, uliokaa kwenye milima ya Mbooni, Makueni, ambako tambarare ni ile iliyochongwa kwa jembe. Mashamba ya mteremkoni hukatwa matuta ya fanya juu: mtaro huchimbwa, udongo ukatupwa upande wa juu, na miaka ikipita shamba hugeuka ngazi. Mchoraji huitazama ngazi hiyo akaona kiwanja cha bure. Kumbe sehemu yake ni ardhi ya asili na sehemu ni udongo wa kurushwa. Msingi ukikanyaga kote kuwili, mvua za Oktoba hadi Desemba hukuta nusu ya nyumba imetulia na nusu imeanza safari ya bondeni, ufa ukizitenganisha. Dawa ni kuchimba hadi udongo mgumu, na kukata mtaro juu ya nyumba ili maji ya jirani wa juu yapite pembeni bila kupiga hodi.

Jaribio la bei nafuu ni kuichora nyumba ardhini kwa vigingi, kamba na majivu, kisha kuingiza kitanda, meza na jiko halisi. Mtu hulala, huamka na kufungua mlango usiokuwepo. Wapita njia huuliza kama hilo ni ghala la nafaka au zizi. Kuku huparua sebule. Mbuzi hung'oa kigingi na kupanua chumba bila idhini ya kaunti. Hata hivyo aibu ya asubuhi moja hufichua mahali ambapo goti litagonga meza kwa miaka 20.

Mwisho hupangwa maji. Paa la mita 12 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hutoa hadi lita 240, yaani mitungi 12 ambayo hakuna atakayeibeba kupandisha mlima. Tanki la lita 1,000 hukaa upande wa chini, penye dirisha. Tanki basi husogeza dirisha, dirisha husogeza kitanda, kitanda husogeza mlango, na tepu hurudi tena kwenye futi ya kwanza.