Baraka za Akiba

Hongera kwa jimbo la Ontario, Kanada, lililong'amua kwamba ruhusa tamu ni ile inayotangulia ombi. Kibali cha mazingira cha mtambo wa majitaka huweza kuja na baraka za akiba: badilisha pampu, ongeza vifaa vya kutilia kemikali, bila kupiga hodi tena, mradi uwezo ulioidhinishwa usizidiwe. Mhandisi mwenye leseni hujaza fomu na kusaini kuwa mambo ni shwari. Mwenye mtambo naye husaini. Jimbo ni mkwe aliyepokea mahari moja akabariki na ndoa zote zijazo, yeye atumiwe picha tu. Mhandisi analipwa na nani? Na mwenye mtambo, ala! Samaki wa Ziwa Ontario hawakuwekewa pa kusaini.